Kwa Nini Mtoto wa Köln Avae Jezi ya Musiala

Pembeni mwa uwanja mmoja mjini Köln, mzazi wa Kijerumani alimwuliza mwandishi wa makala haya kwa nini kijana wa mwandishi anavaa jezi ya Jamal Musiala wakati Florian Wirtz ndiye mtoto wa hapa. Kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe: labda ni mambo ya rangi. Maneno hayo yanakera, na yanastahili jibu refu kuliko lile linalopatikana wakati wa mapumziko.

Wote wawili ni wa 2003. Musiala alizaliwa Stuttgart, Wirtz akazaliwa Pulheim, jirani kabisa na Köln. Kwa kazi ya uwanjani Wirtz hana deni: msimu wa 2023/24 Leverkusen ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, akafunga mabao matatu dhidi ya Werder Bremen siku ubingwa ulipopatikana, akatangazwa mchezaji bora wa msimu. Lakini alilelewa na klabu ya Köln, kisha Januari 2020 akahamia kwa mahasimu wao, Leverkusen. Mjini hapa hilo halijasahaulika.

Musiala anabebwa na Bayern, yenye mashabiki kila kona ya nchi. Bao lake la dakika ya 89, Mei 2023, lililoinyima Dortmund ubingwa, lilifungwa Köln hapa hapa. Alikulia pia Uingereza, akapitia akademi ya Chelsea na timu za vijana za taifa hilo, hadi alipoichagua Ujerumani mwaka 2021. Zaidi ya yote kuna chenga zake. Mpira unanata mguuni, mabeki watatu wanabaki wanatazamana. Mtoto aliyecheza chandimu Tanga na binamu zake lazima ampende.

Huku Ujerumani chandimu imewekewa kanuni. Tangu msimu wa 2024/25 shirikisho la soka, DFB, limefuta msimamo wa ligi kwa watoto wa chini ya miaka 11. Wadogo kabisa hucheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, magoli madogo manne, kipa hakuna. Bao likiingia, wachezaji wanabadilishwa. Mchezo ukiisha, walioshinda wanasogea kiwanja cha upande huu, walioshindwa cha upande ule.

Nia ni kila mtoto auguse mpira mara nyingi, na hilo ni jema. Ila wazazi wanakaa mbali na mstari, hakuna wa kushangilia kwa sauti, na ukimya huo ndio unaowapa watu nafasi ya kuchunguza jezi za watoto wa wenzao. Tanga hakuna anayemwuliza mtoto kwa nini amevaa ya Messi.

Binti wa nyumba hii, mwenye miaka saba, huhesabu mabao kwa vidole, kisha humnong'oneza kaka yake matokeo ndani ya gari. Na yeye, mwenye rangi ile ile ya kaka yake, ni wa Wirtz tangu bao la kwanza la Euro 2024 dhidi ya Scotland. Kaka humkumbusha kwamba Musiala alifunga dakika tisa baadaye. Ugomvi huo umefika mezani, kitandani na kwa bibi yao kwenye simu. Wirtz alipokwenda Liverpool mwaka 2025, binti akahama naye. Sasa anataka jezi nyekundu, saizi kubwa, imfae mpaka darasa la nne.