Kutunza na Kulinda Akiba: Kutoka Kibubu hadi Hatifungani

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii unaifahamu tangu shule ya msingi, na watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu akiba huishia hapo hapo: "weka kidogo kidogo." Jibu hilo ni nusu tu. Kibaba kilichojaa kinaweza kumwagika, kuibwa au kuliwa na panya. Swali la mtihani, na swali la maisha litakalokufuata baada ya mtihani, ni hili: ukishaijaza akiba, utailinda vipi?

Ukimaliza mada hii utaweza:
(a) kueleza maana ya akiba, amana, riba, mfumuko wa bei na uwekezaji;
(b) kulinganisha mahali pa kuweka akiba kwa faida na hatari zake;
(c) kukokotoa faida halisi ya akiba;
(d) kueleza ulinzi wa kisheria uliopo Tanzania na mipaka yake.

1. Maana ya maneno muhimu

Akiba ni sehemu ya kipato isiyotumiwa leo ili itumike baadaye. Amana ni fedha uliyoikabidhi kwa benki au taasisi ya fedha ikutunzie. Riba ni malipo ya kutumia fedha ya mwingine: benki hukulipa riba kwa amana yako, nawe humlipa mkopeshaji riba kwa mkopo wake. Mfumuko wa bei ni hali ya bei za bidhaa na huduma kwa jumla kuendelea kupanda. Uwekezaji ni kuiweka fedha mahali inapoweza kuzaa, ukikubali kiasi fulani cha hatari.

2. Mfano wa kufuata katika mada yote

Chukua mama anayeuza maandazi na chai kila asubuhi. Anaweka kando shilingi 2,000 kila siku ya kazi, siku 6 kwa wiki.

Kwa wiki: 2,000 × 6 = shilingi 12,000
Kwa mwaka: 12,000 × 52 = shilingi 624,000

Fedha hii ni ada ya mtoto, mtaji wa msimu mbaya au nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Ikipotea, mwaka mzima wa kuamka alfajiri umepotea. Sasa tuone aiweke wapi.

3. Mahali pa kuweka akiba

(i) Kibubu. Ni rahisi, hakina makato, na hakifunguki ovyo. Hatari zake ni wizi, moto na mwenye nyumba kukivunja kabla ya wakati. Tena, fedha ndani ya kibubu haizai.

(ii) Simu. Fedha ya kwenye simu ni salama kuliko ya chini ya godoro, kwa kuwa kampuni inatakiwa kutunza fedha za wateja katika akaunti maalumu za udhamini benki. Hatari kubwa iko kwa mtumiaji mwenyewe: kutoa namba ya siri, au kutii ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Makato ya kutuma na kutoa nayo hupunguza akiba kidogo kidogo.

(iii) Kikundi cha VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana na hugawana faida mwisho wa mzunguko. Ulinzi wake ni wa busara sana: sanduku huwa na kufuli tatu, funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na sanduku hutunzwa na mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Hatari ni wanachama kutorejesha mikopo, au kikundi kuacha utaratibu huo kwa sababu ya kuaminiana.

(iv) SACCOS. Ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo chenye leseni, viongozi wa kuchaguliwa na hesabu zinazokaguliwa. Mwanachama ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu na kuhoji hesabu hizo. Asiyehudhuria amejivua ulinzi wake mwenyewe.

(v) Benki. Hutoa usalama, taarifa ya akaunti na riba. Akaunti ya muda maalumu hulipa riba kubwa kuliko akaunti ya kawaida, kwa sharti kwamba fedha haiguswi hadi muda uishe.

(vi) Mifuko ya uwekezaji wa pamoja na hatifungani. Mfuko wa Umoja, unaosimamiwa na UTT AMIS, ulianzishwa mwaka 2005. Mwekezaji hununua vipande, na thamani ya kipande huweza kupanda au kushuka. Hatifungani za Serikali huanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Mama wetu hawezi kuzifikia kwa akiba ya mwaka mmoja, lakini kwa miaka miwili atakuwa na shilingi 1,248,000. Azingatie kwamba fedha hiyo hufungwa kwa miaka, hivyo isiwe ile ya dharura.

4. Mwizi asiyevunja mlango

Tuchukulie bei zimepanda kwa asilimia 4 kwa mwaka. Bidhaa zilizouzwa shilingi 624,000 sasa zinauzwa:

624,000 + (624,000 × 4/100) = 624,000 + 24,960 = shilingi 648,960

Aliyeweka fedha katika kibubu bado ana noti zake zote, lakini amepungukiwa shilingi 24,960 kununua vitu vile vile.

Sasa tuchukulie fedha hiyo ilikuwa benki kwa muda maalumu, riba asilimia 6 kwa mwaka, na riba ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10:

Riba: 624,000 × 6/100 = shilingi 37,440
Kodi: 37,440 × 10/100 = shilingi 3,744
Riba baada ya kodi: 37,440 − 3,744 = shilingi 33,696
Faida halisi: 33,696 − 24,960 = shilingi 8,736

Faida ni ndogo, lakini akiba imelindwa. Kumbuka kanuni: riba ikiwa chini ya mfumuko wa bei, akiba inapungua thamani hata kama idadi ya shilingi inaongezeka.

5. Ulinzi wa kisheria na mipaka yake

Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa wakati mmoja kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Wateja wake hawakuachwa mikono mitupu, kwa kuwa ipo Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, Bodi humlipa kila mwenye amana hadi kikomo kilichowekwa. Wakati ule kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000. Baadaye kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000.

Mwenye amana ya shilingi 624,000 angelipwa yote. Mwenye shilingi 10,000,000 katika benki moja angelipwa 7,500,000, na zile 2,500,000 angezisubiri hadi mali za benki zikusanywe na kuuzwa, bila uhakika wa kupata zote. Ndiyo maana mwenye fedha nyingi hashauriwi kuziweka zote katika benki moja.

Bima hii haigusi sanduku la VICOBA wala vipande vya mfuko wa uwekezaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii. Kampuni ya mikopo ya daraja la pili hairuhusiwi kupokea amana za umma. Ikikuambia "tuwekee fedha zako hapa," ondoka.

6. Mitego miwili

Upatu wa piramidi. Mwaka 2009 Serikali ilizuia shughuli za DECI, ambako watu "walipanda mbegu" za fedha wakingoja kuvuna zaidi. Viongozi wake walifikishwa mahakamani. Katika piramidi hakuna biashara inayozaa: wa kwanza hulipwa kwa fedha za wanaofuata, na wapya wakikoma kuja, wa mwisho hupoteza. Usichanganye na mchezo wa kupokezana wa majirani, ambako kila mmoja hupokea jumla ya michango iliyokubaliwa, bila ziada.

Mikopo ya kausha damu. Mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi humaanisha shilingi 20,000 kila mwezi. Kwa miezi mitano umelipa riba ya shilingi 100,000, na deni lenyewe bado liko pale pale. Hakuna akiba ya maandazi inayoweza kushindana na hilo.

7. Kumbukumbu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kiasi na mahali kila unapoweka fedha, na tunza risiti. Mweleze mtu mmoja unayemwamini kwamba una akaunti na iko wapi, lakini usimpe namba ya siri. Mwenye akaunti akifariki, benki huhitaji msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama kabla ya kutoa fedha. Familia isiyojua kwamba akaunti ipo haiwezi hata kuanza kuidai.

Angalizo kwa mtahiniwa

Ukiulizwa "eleza njia za kulinda akiba", usitaje tu majina ya taasisi. Kwa kila njia toa mambo matatu: nani anaishika fedha, nini kinaweza kuipunguza, na ushahidi gani unabaki mkononi mwa mwenyewe. Hoja yenye mambo hayo matatu imekamilika. Nawe utakaposhika kipato chako cha kwanza baada ya mtihani, jiulize maswali hayo hayo kabla ya kuikabidhi shilingi yako kwa yeyote.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha akiba na uwekezaji kwa mfano mmoja kwa kila dhana.
2. Kijana anaweka shilingi 1,500 kila siku, siku 5 kwa wiki. Kokotoa akiba yake ya wiki 52. Bei zikipanda kwa asilimia 5, atahitaji shilingi ngapi kununua vitu vile vile?
3. Kwa nini sanduku la VICOBA huwa na kufuli tatu? Toa sababu mbili.
4. Mteja ana amana ya shilingi 9,000,000 katika benki moja iliyofungwa. Kwa kikomo cha shilingi 7,500,000, eleza atakacholipwa na Bodi ya Bima ya Amana na hatima ya kilichobaki.
5. "Kibubu hakiibi, lakini hakizai." Jadili.

Majibu ya kukokotoa: Swali la 2: shilingi 390,000, shilingi 409,500. Swali la 4: shilingi 7,500,000, zilizobaki ni shilingi 1,500,000.