Pikipiki ya Safari Ndefu: Kazi za Mmiliki na Kazi za Fundi

Mmiliki wa pikipiki anayeishi Dodoma huitumia siku nyingi kwa safari fupi za mjini, kisha siku moja huipakia mzigo na kuelekea Kondoa, Singida au Iringa. Safari hizo hazifanani. Mjini, cheni ikikatika, fundi yupo mtaa wa pili. Katika barabara ya Iringa kupitia Mtera, yenye urefu wa takriban kilomita 260, hitilafu hiyo hiyo humwacha msafiri juani, mbali na duka la vipuri, akilazimika kununua chochote kilichopo kwa bei yoyote atakayotajiwa. Makala haya yanaeleza ukaguzi ambao mlaji anaweza kuufanya nyumbani kabla ya safari, kazi anazopaswa kumwachia fundi, na namna ya kununua vipuri bila kulaghaiwa.

Oili ya injini

Pikipiki nyingi zenye injini ya ukubwa wa sisi 125 hadi 150 hubeba takriban lita moja tu ya oili. Oili hiyo hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, oili ya gari haifai kuwa mbadala: baadhi ya oili hizo zina viambato vya kupunguza msuguano, navyo huifanya klachi iteleze. Dalili yake ni injini kunguruma huku mwendo hauongezeki. Unaponunua, tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2. Alama ya JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu.

Pima oili pikipiki ikiwa wima mahali tambarare, dakika chache baada ya kuzima injini. Ibadilishe kwa kufuata kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na usimwage oili chafu ardhini.

Kichujio cha hewa

Nyanda za kati hupata mvua kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu na vumbi, na vumbi linaloingia ndani ya injini husaga silinda na pistoni. Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa tena. Kichujio cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa. Usikubali ushauri wa kukiondoa kichujio ili pikipiki “ipumue”. Nguvu kidogo inayopatikana leo hulipiwa kwa injini nzima kesho.

Cheni

Zima injini, weka gia huru, kisha bonyeza cheni kwa kidole katikati ya upande wa chini, ukipima kwa rula umbali inaopanda na kushuka. Pikipiki nyingi za aina hii huhitaji milimita 20 hadi 30, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha mtengenezaji. Zungusha gurudumu kwa mkono na upime sehemu kadhaa. Kamwe usisafishe wala kupaka cheni oili huku injini ikiiendesha, kwa kuwa mtindo huo huwakata watu vidole.

Ukikaza cheni, hakikisha alama za pande zote mbili za ekseli zinalingana, nati imekazwa na pini yake imerudishwa. Kisha kagua breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu likisogezwa nyuma, breki inayovutwa kwa fimbo hubadilika pia. Meno ya sproketi yaliyochongoka au kulala upande mmoja yanaonyesha kuwa seti nzima imechoka. Cheni mpya juu ya sproketi iliyolika huharibika haraka, na fedha yako hupotea.

Tairi

Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa za baridi. Kipimo cha abiria au mzigo si sawa na cha dereva peke yake. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2223 humaanisha wiki ya 22 ya mwaka 2023. Muuzaji akikwangua tarakimu hizo au kuzifunika, usinunue.

Breki na mteremko

Mmiliki anaweza kukagua urefu wa mkanyago wa breki, kiwango cha mafuta ya breki, na alama ya ulikaji iliyopo kwenye mkono wa breki ya nyuma. Kufungua breki, kubadilisha pedi au kutoa hewa katika mfumo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Kosa la hapo halionekani uwanjani kwako. Huonekana mlimani.

Msafiri anayerudi kutoka Iringa huteremka mlima Nyang’oro kuelekea Mtera. Baadhi ya madereva huzima injini au kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Hapo uzito wote hubebwa na breki, ambazo hupata joto na kupoteza nguvu. Teremka kwa gia ndogo, injini ikiwaka, na ukanyage breki kwa vipindi. Panga kufika kabla ya giza, kwa kuwa mifugo huvuka barabara bila taa. Dereva na abiria wavae kofia ngumu zilizofungwa kidevuni.

Haki zako unaponunua

Kabla ya kazi, kubaliana na fundi bei ya vipuri na ya ufundi, kila moja peke yake. Dai kipuri cha zamani kirudishwe kwako, uone kwa macho kilichobadilishwa. Kagua iwapo lakiri ya kopo la oili ni nzima, maandishi ya boksi hayana makosa ya tahajia, na namba ya kipuri inalingana na ya kitabu. Dai risiti ya EFD: bila risiti, ni vigumu kuthibitisha mahali uliponunua. Jaza petroli katika kituo chenye leseni ya EWURA badala ya ile ya chupa za kando ya barabara, ambayo huenda imechanganywa na mafuta ya taa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumhadaa mlaji. Ukiuziwa kipuri bandia, usikitupe. Kihifadhi pamoja na boksi na risiti, kisha toa taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Kwa bidhaa isiyokidhi viwango, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Cheni bandia iliyokukatikia karibu na nyumbani inaweza kumkatikia mwingine mteremkoni, na taarifa yako ndiyo inayowezesha bidhaa hiyo kuondolewa sokoni.