Unga wa Mlonge na Figo za Mwenye Kisukari
Mkazi wa Kilosa, au abiria anayeshuka Mikumi kwenye barabara kuu iendayo Zambia, aweza kuuziwa unga wa mlonge kwa ahadi kwamba hulinda figo za mwenye kisukari. Ahadi hiyo ina chembe ya ukweli. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huzalisha kemikali kali zinazodhuru vichujio vidogo vya figo; majani ya mlonge yana antioksidanti, yaani viambato vinavyozipunguza makali kemikali hizo. Lakini matokeo yanayosifiwa yametoka zaidi kwa panya wa maabara, na panya hao hawakuwa wakimeza dawa za presha.

Mboga ya mlonge na iliwe. Ni chakula chema. Tunalolikataza ni kuacha vidonge au insulini kwa kutegemea unga. Figo huharibika kimyakimya, na uvimbe wa miguu mara nyingi hutokea madhara yakiwa yamekwisha kuwa makubwa. Kwa hiyo, kila mwaka mgonjwa aombe kupimwa protini katika mkojo na kreatinini katika damu. Muuzaji naye aulizwe kama dawa yake imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kabla fedha haijatoka mfukoni.