Hesabu za Shali la Kimia

Katika mwambao wetu neno kimia lina maana mbili. Mvuvi wa Bagamoyo akitaja kimia, huwa anafikiria wavu wa duara unaorushwa majini kwa mkono, wenye chubwi za risasi ukingoni. Mwanamke aliyeketi barazani akitaja kimia, anakusudia kitambaa chenye matundu kilichofumwa kwa uzi mwembamba: kitambaa cha meza, cha kochi, au shali la kujitanda mabegani. Waliovipa vitu hivyo viwili jina moja walikuwa na macho. Vyote ni uzi uliofungwa kuzunguka matundu. Vyote huanza padogo na kupanuka kwa duru. Na katika vyote, fundi asiyehesabu hupoteza uzi wake.

Makala haya yanahusu kimia cha pili, yaani shali linalofumwa ua moja moja kisha maua yakaunganishwa. Yanahusu pia kosa moja la hesabu. Kosa hilo halikutendwa na mfumaji. Lilitendwa na mwandishi, ambaye amefundisha hisabati kwa miaka mingi, na aliyepata hasara ni shangazi yake, mkazi wa Bagamoyo, aliyekuwa ameahidi shali la harusi kwa binti wa jirani.

Tuanze na ua lenyewe. Chombo ni sindano fupi yenye ndoana nchani, ambayo wafumaji huiita kroshia. Mfumaji hufanya pete ndogo ya uzi, kisha huizungushia vitanzi. Tuchukue ua lililo rahisi, lenye vitanzi virefu tu, vile ambavyo kimo chake ni kama mara mbili ya upana wake. Duru ya kwanza ina vitanzi 12, ya pili 24, ya tatu 36, na kuendelea hivyo. Kila duru huongezewa vitanzi 12. Mwulize mfumaji kwa nini 12, naye atajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na kwamba vikipungua ua hujikunja, vikizidi hufanya marinda.

Jibu hilo ni sahihi, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kulithibitisha. Mzingo wa duara ni nusukipenyo mara mbili ya pai. Kila duru mpya hurefusha nusukipenyo kwa kimo cha kitanzi kimoja. Basi mzingo hurefuka kwa kimo hicho mara 6.28. Kwa kuwa kimo ni sawa na upana wa vitanzi viwili, nyongeza inayotakiwa ni vitanzi 12.57. Mama wa mfumaji alisema 12. Tofauti iliyobaki humezwa na uzi wenyewe, maana pamba hunyooka kidogo ivutwapo. Hivyo pai imo katika baraza zetu siku zote, ingawa haijatajwa kwa jina.

Sasa tuone kinachotokea kanuni hiyo ikivunjwa. Mfumaji akiacha kuongeza vitanzi, duru zinazofuata hubaki na mzingo uleule na kitambaa huinuka kuwa ukuta. Ndivyo inavyofumwa kofia. Akizidisha, kwa mfano akiweka vitanzi viwili juu ya kila kimoja, duru ya kwanza itakuwa na 12, ya pili 24, lakini ya tatu 48, ya nne 96, na ya kumi 6,144, mahali ambapo ua la kawaida lina 120 tu. Vitanzi hivyo vyote havina nafasi katika uso tambarare. Hupanda na kushuka, na ukingo hujaa mawimbi.

Wafumaji wengi huona mawimbi hayo kuwa uharibifu, na kwa shali ni uharibifu kweli. Hata hivyo mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliyatafuta kwa makusudi. Tangu siku za Lobachevsky na Bolyai, walioandika katika miaka ya 1820 na 1830, wanahisabati walijua kwamba iko jometri nyingine isiyofuata kanuni ya Euclid ya mistari sambamba. Humo, kupitia nukta moja iliyo nje ya mstari, hupita mistari mingi isiyokutana na ule wa kwanza. Lakini uso wa jometri hiyo, iitwayo ya haipaboli, ulikuwa mgumu kushikika mkononi. Vielelezo vya karatasi vilichanika upesi. Taimina alichukua sindano ya kroshia na uzi, akaongeza vitanzi kwa uwiano usiobadilika katika kila safu, akapata kielelezo kinachoweza kukunjwa na kupitishwa darasani.

Msomaji wa pwani hahitaji kwenda mbali ili kuuona uso wa namna hiyo. Katika miamba ya matumbawe iliyo karibu na kisiwa cha Mbudya, mkabala na Kunduchi, wamo viumbe wenye kingo za mawimbi kama marinda ya gauni. Kiumbe asiyehama mahali pake hufaidika kuwa na uso mkubwa katika nafasi ndogo, maana kwa uso huo hupata mwanga na chakula. Kuanzia mwaka 2005 madada wawili, Margaret na Christine Wertheim, waliwaalika wafumaji wa nchi mbalimbali kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa njia ya Taimina.

Turudi kwenye shali, ambalo halitaki mawimbi. Ua likiwa tayari, sharti lishikamane na wenzake. Maua ya duara yakipangwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja likigusa manne, huacha wazi zaidi ya asilimia 21 ya eneo. Yakipangwa kwa kubanana, kila moja likigusa sita, sehemu wazi hushuka hadi asilimia 9 hivi. Kwa hiyo wafumaji wengi hulipa ua pembe sita tangu mwanzo: zile nyongeza 12 za kila duru huwekwa mbili mbili mahali pa pembe. (Hapo pai huaga. Mzingo wa pembesita huhitaji nyongeza ya vitanzi karibu 14, siyo 12.57, na upungufu huo hujazwa kwa vitanzi vya mkufu pembeni. Anayevisahau huona ua lake likianza kujikunja kama bakuli.)

Pembe ya ndani ya pembesita ina nyuzi 120. Tatu zikikutana hufanya 360 bila pengo. Hapa Kiswahili kinatutania kidogo, maana nyuzi za pembe na nyuzi za kufumia ni neno moja. Miraba minne nayo hukutana vizuri, na pembetatu sita pia. Pembetano haziwezi: tatu hufanya nyuzi 324, na pengo la nyuzi 36 halina wa kuliziba. Kati ya maumbo yanayowezekana, pembesita ndiyo yenye mzingo mfupi kuliko mengine kwa eneo lilelile. Eneo likiwa 1, mzingo wa pembesita ni 3.72, wa mraba ni 4, wa pembetatu ni 4.56. Nyuki hujenga masega yao kwa umbo hilo, na mwaka 1999 Thomas Hales alithibitisha kwamba hakuna namna nyingine ya kugawanya uso tambarare katika vyumba vya eneo sawa kwa kuta fupi zaidi. Kwa mfumaji, ukuta ni mahali pa kuunganisha, na kuunganisha ni kazi.

Kosa la mwalimu

Shali la shangazi lilikuwa la pembetatu. Lilianza na ua moja la ncha, safu ya pili ikawa na maua 2, ya tatu 3, mpaka ya kumi na tano iliyokusudiwa kuwa na 15. Kila ua lilikuwa na upana wa sentimita 10, hivyo upande wa juu ungefika mita moja na nusu. Kila ua lilikuwa na duru 10, na donge moja la uzi la gramu 20 lilitosha maua 5.

Nilipomtembelea, safu 5 zilikuwa tayari. Baada ya kumwamkia aliniuliza, “Mwanangu, wewe ndiye mwenye hesabu. Ninunue uzi kiasi gani?” Nikauliza ametumia madonge mangapi. Akasema matatu. Nikajibu pasipo hata kuketi: safu 5 ni theluthi ya safu 15, theluthi imekula madonge 3, basi shali zima litakula 9. Akatuma anunuliwe mengine 6.

Msomaji aliyekwisha kuliona kosa amemshinda mwalimu. Safu 5 za kwanza zina maua 1 + 2 + 3 + 4 + 5, yaani 15. Safu 15 zina maua 15 × 16 ÷ 2, yaani 120. Nilichokiita theluthi kilikuwa sehemu moja ya nane. Madonge 9 hufuma maua 45, na hayo ni safu 9 kamili. Uzi uliisha ua la mwisho la safu ya tisa lilipofungwa, kwa usahihi ambao kama nisingekuwa mhusika ningeufurahia. Safu 6 zilizobaki zilihitaji maua 75.

Kilichonitia haya zaidi ni kwamba jambo hilo lilikuwamo ndani ya kila ua nililolishika. Duru 10 za ua ni vitanzi 12 + 24 + 36 na kadhalika hadi 120, jumla 660. Na duru 3 za mwisho pekee zina 324, karibu nusu. Mfumaji anajua kwamba duru za mwisho ndizo zinazochosha. Kitu kinachoongezeka kwa kiasi kilekile kila hatua, jumla yake hukua kama mraba wa hatua. Nimelifundisha jambo hilo ubaoni mara nyingi, kwa mfano wa jiwe linaloanguka.

Simu ikaja: “Hesabu zako, mwanangu, zitamwacha biharusi mabega wazi.” Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Uzi wa kwanza ulikuwa mweupe wa maziwa; dukani ulikuwa umekwisha, na Kariakoo nilipata mweupe wa chumvi tu. Viwanda hutia rangi kwa mafungu, na fungu moja halifanani kabisa na jingine. Safu 9 za maziwa zikifuatwa na 6 za chumvi zingemwonyesha kila mgeni mahali uzi ulipoishia.

Shangazi aliyatandaza maua kwenye mkeka, akayatazama, akaanza kufumua. Kwa kuwa maua huunganishwa katika duru ya mwisho tu, hakulazimika kuharibu zaidi ya duru hiyo. Miungano ilikuwa 108. Kisha akapanga upya: ua moja la maziwa, mawili ya chumvi, moja la maziwa tena, na kila safu ikaanza nafasi moja mbele ya iliyotangulia. Nilikaa na karatasi kulifuatilia. Kwa mpango huo hakuna maua mawili ya maziwa yanayogusana popote, na kila moja lililo katikati ya shali huzungukwa na sita ya chumvi. Theluthi kamili ya 120 ni 40. Alikuwa nayo 45.

Ilibidi duru ya mwisho ya maua 40 ifumwe tena, vitanzi 4,800, na maua mapya 80 yatoke katika madonge 16. Mabinti wawili wa mtaani walimsaidia. Mwanafunzi atakayechora shali hilo ahakikishe mwenyewe kwamba maua 120 yana pande 720, kwamba miungano ni 315, na kwamba pande 90 zimebaki ukingoni; huko ndiko shangazi alikofunga matamvua, usiku wa kuamkia harusi.

Maua 5 ya maziwa hayakupata nafasi. Alinipa mimi, yakiwa na duru 9 kila moja. Yamo mezani pangu, na moja limewekwa chini ya bilauri ya maji.