Istilahi za Kikaushio cha Gesi: Kuzima Si Kufunga

Katika kurasa hizi tumezoea kueleza istilahi za sheria, za utawala na za sayansi. Mara hii twapenda kuzungumzia chombo cha nyumbani, nacho ni mashine ya kukaushia nguo inayotumia gesi. Ni kweli kwamba chombo hiki bado ni kigeni katika nyumba zetu nyingi. Hata hivyo, kijitabu cha maelezo yake chaweza kufika mezani kwa mfasiri siku yoyote, na humo neno moja lisilofaa laweza kuteketeza nyumba.

Tuweke mfano wetu Ijuganyondo, kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, Bukoba ni mji wa mvua. Mwambao huu wa Ziwa Viktoria hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na wakati wa masika nguo huweza kushinda kambani zisikauke. Pili, Mkoa wa Kagera hauna bomba la gesi asilia. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay hutoka pwani ya kusini. Mkazi wa Ijuganyondo hutumia gesi ya mtungi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mitungi itaongezeka, na kwa sehemu kubwa msamiati wa kikaushio ndio msamiati wa jiko la gesi.

Jina la chombo

Kiswahili kina kitenzi *anika* na kinyume chake, *anua*. Kuanika ni kutandaza kitu juani au penye upepo ili kikauke, iwe nguo, dagaa au kahawa. Mzizi huu umo katika lugha nyingi za Kibantu, na pengine mtu angependa kuiita mashine hii "kianikio". Lakini jina hilo lastahili kamba au chanja, maana ndipo kitu kinapoanikwa. Mashine haianiki, bali hukausha. Kwa hiyo twapendekeza *kikaushio cha nguo*.

Ndani ya kikaushio mna chombo cha mviringo kinachozunguka na nguo. Mfasiri mwenye haraka hukiita "ngoma", kwa kuwa katika Kiingereza neno lake ni lile lile la ngoma ya kupigwa. Kwetu sisi ngoma hupigwa na huchezwa, haitiwi nguo. Neno *pipa* lafaa zaidi, na fundi atalielewa pasipo maelezo.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kikaushio cha gesi hutumia nishati mbili. Umeme huzungusha pipa na feni, na gesi huleta joto. Mashine inapowashwa, kiwashio hupata moto hadi kung'aa. Kisha vali ya gesi hufunguliwa kwa nguvu ya koili za umeme, na gesi hupita kwenye nozeli na kuwaka katika kichomeo. Feni huvuta hewa ya moto ipite kati ya nguo, halafu huisukuma nje ya nyumba kwa bomba pamoja na mvuke na gesi zilizoungua. Njiani hewa hiyo hupita katika chujio, ambalo hunasa nyuzi laini zinazotoka katika nguo.

Kutafuta hitilafu

Nguo zikichelewa kukauka, kosa la kwanza kutazamwa ni la hewa, wala si la gesi. Chujio husafishwa kila baada ya matumizi, na bomba la nje huchunguzwa kama limeziba au limepondeka. Nyuzi hizo hushika moto upesi, kwa hiyo kuzisafisha si suala la unadhifu tu.

Pipa likizunguka bila joto, mtumiaji atazame kama mtungi una gesi na kama koki imefunguliwa. Kiwashio kisipong'aa kabisa, huenda kimekatika, au fyuzi ya joto imeungua. Kiwashio kikig'aa kisha kikazimika bila mwali kutokea, mara nyingi kosa liko katika koili za vali. Koili zilizochoka huweza pia kufanya kazi mwanzoni, kisha zikashindwa zikisha kupata moto. Pipa lisipozunguka kabisa, fundi hutazama swichi ya mlango na mkanda.

Kuhusu fyuzi ya joto, mfasiri hana budi kuandika wazi kuwa *haiungwi kwa waya*. Fyuzi hii hukatika joto linapozidi, na mara nyingi joto huzidi kwa sababu bomba limeziba. Mwenye kuiunga kwa waya ameondoa kinga akaiacha hatari.

Maneno manne ya kuangaliwa

La kwanza ni *gesi*. Kijitabu kikisema "unganisha gesi", mfasiri aulize ni gesi ipi. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda juu. Gesi ya mtungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, hata dirisha la juu likiwa wazi. Tena mashine iliyotengenezwa kwa gesi asilia ina nozeli yenye tundu kubwa zaidi. Ikifungwa kwenye mtungi kabla fundi hajaigeuza, mwali huwa mkubwa na wa manjano, na kuungua kwake huwa si kamili. Kwa msomaji wa Ijuganyondo, neno *gesi* peke yake halitoshi.

La pili ni *moshi*. Baadhi ya tafsiri husema "bomba hutoa moshi nje". Msomaji akiona hakuna moshi, atadhani hakuna hatari. Lakini kaboni monoksaidi, inayotokea gesi isipoungua vizuri, haina rangi wala harufu, nayo huua. Twapendekeza *gesi zilizoungua*, na sumu hiyo itajwe kwa jina lake.

La tatu ni *presha*. Watu wengi wakilisikia huwaza maradhi. Katika vitabu vya fizikia tunalo neno *kanieneo*, lililoundwa kutokana na kani na eneo. Katika maelezo ya nyumbani twashauri *kidhibiti kanieneo* kiandikwe mara ya kwanza pamoja na neno la dukani, *regyuleta*, ili mnunuzi asipotee.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni *zima*. Kwa kawaida twasema "zima gesi" tukiwa na maana ya kukomesha moto. Lakini moto huweza kuzimwa na upepo, gesi ikaendelea kutoka. Mwali huzimwa, koki hufungwa, waya wa umeme huchomolewa. Haya ni matendo matatu, na kila moja lataka kitenzi chake.

Tofauti hiyo ni kubwa zaidi harufu ya gesi inaposikika. Mfasiri akiandika "zima mashine mara moja", amemwambia msomaji abonyeze swichi, na cheche ya swichi yaweza kuiwasha gesi iliyotanda. Maelezo sahihi yawe hivi: *Usiwashe wala usizime swichi yoyote. Usiwashe kiberiti. Funga koki ya mtungi. Fungua milango. Toka nje, kisha uite fundi.* Ukaguzi wa viungo hufanywa baadaye kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto.

Istilahi zinazopendekezwa

*Kikaushio*: mashine ya kukaushia nguo kwa hewa ya moto.
*Pipa*: chombo kinachozunguka na nguo.
*Kichomeo*: mahali gesi inapowakia.
*Kiwashio*: kifaa kinachowasha gesi.
*Nozeli*: kipande chenye tundu la kupimia gesi.
*Koki*: kifaa cha kufungulia na kufungia gesi kwa mkono.
*Vali*: mlango wa gesi unaojifungua na kujifunga ndani ya mashine.
*Fyuzi ya joto*: kinga inayokata umeme joto likizidi.

Walimu wa ufundi, wafasiri na maofisa wanaotayarisha maelezo kwa wananchi wanaombwa kuyajaribu maneno haya mbele ya watumiaji wenyewe. Njia ni rahisi: msomee mtu maelezo, kisha umtazame mkono wake unakwenda wapi. Ukienda kwenye swichi badala ya koki, tafsiri hiyo irudiwe.