«Lust, Caution»: Juu ya nini filme ya mwanamuke mupelelezi wa Shanghai ingali inagawanya watu?

Mwanamuke kijana anatumwa kumutongoza mukubwa mwenye kufanya kazi na adui, ili wenzake wapate nafasi ya kumuua. Dakika ya mwisho anamuambia akimbie. Huyu mwanamuke ni musaliti, ao yeye njo alisalitiwa? Hilo ulizo linafuata filme ya Kichina «Lust, Caution» tangu ilipotoka mwaka 2007. Ang Lee, muzaliwa wa Taiwan, njo aliiongoza. Inapita saa mbili na nusu, na juu ya picha zake za chumbani, ni filme ya watu wazima tu. Mwaka ule ilipewa Simba wa Zahabu, zawadi kubwa ya tamasha ya sinema ya Venice, katika Italia. Lakini hiyo zawadi haikumaliza mabishano.

Filme inaelezea nini?

Japani ilianza vita kubwa na China mwaka 1937. Filme inaonyesha Hong Kong ya mwaka 1938: wanafunzi wa univerisite wanacheza teatre ili kuamusha raia. Kisha wanaona maneno ya jukwaani hayatoshi. Wanapanga kumuua Bwana Yee, Muchina mwenye kusaidia Wajapani.

Wong Chia-chi, mwenye anajua kucheza kuliko wengine, anapewa jina la uongo: Bibi Mak, muke wa mufanya-biashara. Anaingia katika nyumba ya Yee kupitia bibi yake, kwa meza ya mah-jong, muchezo wenye wamama matajiri wanapitisha nao siku.

Tatizo: Bibi Mak ni mutu wa ndoa, lakini Wong hajalala na mwanaume hata siku moja. Wenzake wanakwisha kuzungumuza hiyo mambo mbele yeye mwenyewe aambiwe. Anapewa kijana mumoja wa kikundi, juu ni yeye tu alikuwa na mazoezi, na aliyapata kwa makahaba. Halafu Yee anahamia Shanghai gafula, na yote inakuwa bure.

Miaka inapita. Mwaka 1942 Shanghai iko mikononi mwa Wajapani. Yee ni mukubwa wa wapelelezi wa serikali ya Wang Jingwei, yenye Wajapani walisimamisha Nanjing. Watu wa upinzani wa siri wanamuita Wong tena. Safari hii anakuwa kweli bibi wa pembeni wa Yee. Katika duka la vito, Yee anamupa pete ya almasi. Wauaji wako wanangojea inje. Wong anamuangalia, anamuambia aende haraka. Yee anaruka ndani ya gari. Usiku ule ule, Wong na wenzake wanapelekwa pahali pa kuchimba mawe na kupigwa risasi. Yee njo alitia sahihi.

«Aliuza wenzake»

Watazamaji wengi katika China walikasirika. Kwao, vita na Japani ni kidonda chenye hakijapona, na mutu mwenye kufanya kazi na Wajapani hawezi kuonyeshwa sawa mutu wa kuhurumiwa. Wanasema Wong alibadilisha maisha ya vijana wote wa kikundi na pete moja. Wanasema pia filme inapaka matope wanawake wenye walikufa kweli juu ya inchi yao.

Hiyo hasira iko na musingi. Mwaka 1939, katika Shanghai, kijana mwanamuke Zheng Pingru alisaidia kutega Ding Mocun, mukubwa wa wapelelezi wenye kutumikia Wajapani. Alimupeleka kwa duka la manyoya. Ding aliona kama kuna mutego, akakimbilia gari yake, akapona. Zheng alikamatwa, akauawa kwa risasi mwaka wenye ulifuata. Wengi wanaona hadisi yake nyuma ya filme. Filme ilipotoka, jamaa yake ilipinga: Zheng hakumupenda Ding, wala hakumuachilia.

«Wenzake njo walimuuza kwanza»

Upande wa pili unahesabu mambo tofauti. Nani aliuliza Wong kama anakubali? Wakubwa wa upinzani walijua anateseka. Anawaeleza namna Yee anaingia ndani yake kila mara, mwili na moyo, na hawataki kusikia, wanamuambia aendelee. Aliandika barua kwa baba yake. Mukubwa wa kikundi alipokea ile barua, akaichoma moto.

Kwa hawa watazamaji, pete haikuwa bei ya usaliti. Ni mara ya kwanza mutu alimupa kitu bila kumutuma kazi. Hiyo haimusafishe Yee: alipona, kisha akamuua. Lakini inaonyesha gharama yenye kikundi hakikutaka kuhesabu, kilipofanya mwili wa mwanamuke kuwa silaha.

Picha za chumbani zilikuwa za lazima?

Hapa tena watu hawapatane. Filme inatoka katika hadisi fupi ya mwandikaji Eileen Chang, yenye ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye mwenyewe aliwahi kuolewa na mutu wa serikali ya Wang Jingwei. Katika maandishi yake, mambo ya kitanda hayaelezwe kwa urefu. Ang Lee aliyaonyesha waziwazi, na mara ya kwanza ni kwa jeuri.

Kuna wenye kusema ni kutafuta tu wateja. Wengine wanajibu: hawa watu wawili wanadanganyana kwa kila neno, basi ni pale tu mutazamaji anaweza kuona woga, chuki na hamu bila kifuniko. Katika Marekani, filme ilikatazwa kwa wenye hawajafikisha miaka 18. China haina mupango wa kugawanya filme kulingana na umri, kwa hiyo dakika kadhaa zilikatwa, na Ang Lee mwenyewe njo alizikata. Wachina wengi walivuka mupaka mupaka Hong Kong ili waione nzima.

Nani alilipa?

Mwaka 2008, wakubwa wenye kusimamia televisheni na sinema katika China walikataza matangazo yenye kuonyesha Tang Wei, mwanamuke mwenye alicheza Wong. Ilikuwa filme yake ya kwanza kubwa. Tony Leung, mwanaume mwenye alicheza Yee, aliendelea na kazi. Ang Lee pia. Wote watatu walitengeneza picha zile zile.

Hapo hata watu wenye hawakupenda filme walishangaa. Ndani ya hadisi, wanaume wanapanga na mwanamuke anapewa mzigo. Inje ya hadisi, ikawa vile tena. Tang Wei alirudilia sinema mwaka 2010, katika filme ya Hong Kong, na leo ni mumoja wa wachezaji wenye kuheshimiwa katika Asia. Juu ya Wong, mabishano yangali: mumoja anakumbuka vijana wenye walipigwa magoti mbele ya bunduki, mwengine anakumbuka barua yenye ilichomwa.