Asiye na Mungu Humwabudu Nani?

Mara nyingine kijana hurudi nyumbani kutoka masomoni, akasema mbele ya wadogo zake kwamba haoni tena haja ya kumwamini Mungu. Baba hughadhibika, mama hulia, na bibi husema mtoto ametupiwa jicho. Hasira ni jambo jepesi, lakini haimrudishi mtu. Yafaa kwanza tuulize: mtu akisema hana Mungu, je, moyo wake hubaki mtupu?

Katika Suratul Jathiya, aya ya 23, yatajwa habari ya mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa ndiyo mungu wake. Aya inayofuata, ya 24, yawataja wale wasemao kuwa hapana maisha ila haya ya dunia, na kwamba kinachowaangamiza watu ni dahari tu, yaani kupita kwa zama. Tazameni mpango wa aya hizi mbili. Mwenye kuitii nafsi yake ametangulizwa, kisha ndipo akatajwa mwenye kukana. Yaonyesha kuwa mkana Mungu hakuacha kuabudu. Amebadili tu kile akiabuducho.

Neno kuabudu latoka katika shina moja na neno abdi, yaani mtumwa. Basi kuabudu si kuinamisha kichwa peke yake. Ni kukitii kitu hata amri mbili zikigongana, ya kitu hicho ndiyo ifuatwayo. Kwa kipimo hiki hapana mwanadamu asiye na bwana.

Ushahidi haupo mbali. Huko Ufaransa, mwaka 1793, wanamapinduzi waliokuwa wakiipiga vita dini walifanya sikukuu ya Akili ndani ya kanisa la Notre-Dame mjini Paris, wakamsimamisha mwanamke awe mfano wake. Huko Urusi, dola iliyofundisha kukana Mungu mashuleni iliutia dawa mwili wa Lenin alipokufa mwaka 1924, ikaujengea nyumba mjini Moscow, na watu wakasimama safu ndefu kwenda kuutazama. Dola ile ilivunjika mwaka 1991, na mwili ungali pale. Waliovunja mihirabu ya wengine walijijengea ya kwao.

Lakini si vema kuhesabu makosa ya jirani na kusahau ya nyumbani. Tuutazame mwambao wetu wa Kilwa na Lindi.

Masultani wa Kilwa ya zamani walipiga sarafu ndogo za shaba. Upande mmoja liliandikwa jina la Sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Nguvu ya mji ilitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala, na sarafu moja ya Sultani Al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa mbali kabisa, katika magofu ya Zimbabwe. Kila aliyeshika sarafu ile alishika mambo mawili: jina la Mola na thamani ya sokoni. Swali lilikuwa lipi kati ya hayo mawili alilolitegemea moyoni.

Sultani huyo ndiye aliyeitwa Abul Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akasimulia kwamba baada ya sala ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akaenda akazivua na kumpa. Watu wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Kisha mwanawe akazitwaa zile nguo, na badala yake akampa fakiri watumwa kumi.

Msomaji, usipite upesi hapo. Katika kisa kile kile cha ukarimu, wanadamu kumi wametolewa kama bidhaa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1776, Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya watumwa katika mrima, wakiletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Hata baada ya Sultani Barghash bin Said kukataza, kwa mkataba wa Juni 1873, wasisafirishwe baharini, misafara iliwapitisha kwa nchi kavu. Na Suratul Balad yaeleza kwamba kumwacha huru mtumwa ni katika ile njia ngumu ya mlima apasayo mtu kuipanda! Aliyeitwa Abdallah, mtumwa wa Mwenyezi Mungu, alimfunga mnyororo mtumwa mwingine wa Mungu huyo huyo, kisha akatawadha akasali. Ulimi wake ulishuhudia Mmoja, na mkono wake ukatii faida.

Basi kijana akiuliza, "Imani yenu iliwazuia nini?" tusimzibe mdomo. Swali hilo ni la haki. Jibu letu liwe kwamba dini haikushindwa pale, bali iliachwa kando, akatiiwa bwana mwingine. Na hayo hatuna haki ya kuyasema ikiwa sisi wenyewe twapunguza mizani dukani, au twala mali ya yatima.

Pana bwana mwingine tena, naye ni hofu. Mwaka 1905, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu walichoshwa na dhuluma ya Wajerumani na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe akawapa maji, wakaamini kwamba risasi zitageuka maji. Madai yao yalikuwa ya haki, na ushujaa wao haupasi kuchekwa. Lakini risasi zilipenya, na hata vita vilipokwisha mwaka 1907 makumi ya maelfu walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa. Moyo ulioonewa hutafuta pa kushika. Nasi leo, tukiogopa ugonjwa au mtihani, tukaitegemea hirizi kuliko Muumba, tutamcheka nani?

Kwako wewe kijana, neno moja. Shaka si kukana. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza mwenyewe kwamba alishikwa na shaka kubwa karibu miezi miwili, mpaka Mungu akamtia nuru. Uliza basi, bali uliza kwa uaminifu. Suratut Tur, aya ya 35, yauliza kama watu waliumbwa pasipo kitu, au wao ndio waumbaji. Mgeni ashukaye Kilwa Kisiwani huyaona makuba ya Msikiti Mkuu, ya mawe ya matumbawe, na hata asipojua jina la fundi hasemi kwamba mawe yalijipanga. Utasema, mawe hayakui, lakini viumbe hai hukua vyenyewe kwa kanuni zake. Naam, na kanuni hizo, zisizokosea usiku wala mchana, nani aliziweka? Usiridhike na jibu la kwanza likupalo uhuru wa kufanya utakalo. Huenda lile uliitalo uhuru ni bwana mpya.

Na kwenu wazazi: msimfukuze. Keteni naye, mjadiliane kwa hekima na mawaidha mema. Kisha kila mmoja nyumbani ajipime kwa jambo dogo: adhana ikilia na mteja yuko mlangoni, nani husubiri? Ukweli ukileta hasara na uongo ukaleta faida, lipi hutangulia? Pale ndipo ajulikanapo abudiwaye. Mtoto huyaona hayo kila siku, nayo humfundisha kuliko hotuba zetu.

Dhahabu ya Sofala imekwisha, na jumba la Husuni Kubwa ni magofu. Ewe Mola, utuepushe na kutumikia kingine chochote badala Yako, na uwaongoze watoto wetu na sisi pamoja nao. Amin.